Kula Siyo Kupona

Bwana Mifugo hakukaa kwenye mji wa mtu kabla ya kutafuta chupa za soda. Alisalimia, akapokea kigoda, lakini macho yake yalizunguka kwenye paa la jiko, kwenye pembe za zizi, juu ya mbao za mlango, mahali pote ambapo wafugaji wetu hupenda kuweka dawa ya kupe waliyogawana na jirani. Akiiona chupa ya soda yenye maji meupe kama maziwa, aliishusha, akamwita mwenye mji na kumuuliza mbele ya watoto wake, "Hii ni nini?"

"Dawa ya kuogeshea, Bwana Mifugo."

"Imeandikwa wapi?"

Mwenye mji alicheka kidogo akiangalia pembeni. Bwana Mifugo hakucheka. Aliondoka na ile chupa, na kama mwenye mji alikuwa mzee mwenye heshima zake, hakumwonea haya zaidi ya mwingine. Ilifika mahali watoto wa Kenyamonta wakisikia pikipiki yake inapanda kilima wanapiga kelele, "Chupa! Chupa!" na kila mama anakimbilia jikoni kuficha.

Tuliendelea kumwita Bwana Mifugo hata baada ya serikali kumstaafisha. Jina lake nalijua, nimelitamka tangu ujana, maana tulitahiriwa msimu mmoja na yeye ni rika langu. Lakini mke wake mwenyewe, Mama Bhoke, alimwita hivyo mbele ya wageni, na mimi nitafanya hivyo hivyo. Sitaeleza ukoo wake wala alikozaliwa. Watu wa huku wanaomfahamu wataelewa, na wasiomfahamu hawatapungukiwa.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Alitibu ng'ombe wa kata nzima, na zizini kwake walikuwa ng'ombe wachache hata wazee wakimtania kwamba anafuga kwa mdomo. Aliweza kumlaza fahali mkali kwa kamba moja, lakini mbwa akibweka alibaki juu ya pikipiki mpaka mwenye mji aje. Aliwacheka waliokwenda kwa waganga wa kupiga ramli, na bado kwenye harusi ya binti yake aliwauliza wazee mara mbili kama siku ile ni nzuri. Alipenda kichuri, ule mchuzi wa utumbo wenye nyongo, kuliko nyama yoyote, na kilipokuwa kichungu hasa, wengine tukikunja uso, yeye alilamba vidole.

Lakini kwenye dawa hakuwa na mambo mawili. Mfugaji huku kwetu ana kosa moja ambalo nadhani tumelirithi kwa baba zetu. Ng'ombe akiugua ndigana, anachomwa sindano ya kwanza, kesho yake anaanza kula, na mwenye ng'ombe anashukuru Mungu na kuificha dawa iliyobaki kwa ajili ya ng'ombe mwingine. Bwana Mifugo akirudi kumalizia tiba anaambiwa, "Usijisumbue, amepona, si unaona anakula?" Hapo ndipo alipokuwa anasema neno lake ambalo wilaya yote ililijua, kuanzia Nyambureti mpaka Robanda, ambako tembo wakiingia kwenye mahindi watu wanapiga madebe. Alisema, "Kula siyo kupona." Alilisema taratibu, akivaa glavu. Na ng'ombe alichomwa.

Neno lake la pili lilikuwa kwa wanaoombana dawa. Jirani akija na kusema ng'ombe wake naye anakohoa, apewe kidogo ile iliyobaki, Bwana Mifugo alijibu, "Dawa haina undugu." Kwetu hilo ni neno gumu. Sisi tunagawana ugali, tunagawana nyama, hata mzigo wa mahari tunabebeana. Kumwambia mtu wa damu yako kwamba kuna kitu hakigawiwi ni kama kumfungia mlango. Wengi walimchukia kwa ajili ya neno hilo. Mimi pia, siku yangu ilipofika.

Ugonjwa wake ulianza bila sababu, na hilo ndilo lililotusumbua. Mtu akianguka kwenye mti, tunajua alianguka kwenye mti. Yeye hakufiwa, hakuibiwa, watoto wake walikuwa salama. Wapo waliosema ni kustaafu, wengine wakasema ni mikono ya watu, maana alikuwa amewaaibisha wengi. Mimi niliona tu kwamba ameacha kufunga kamba za buti. Alikaa nyuma ya nyumba akiangalia ukuta, na mtu akimsalimia ilichukua muda kabla hajajibu. Aliamka kabla ya jogoo na hakulala tena. Mama Bhoke alimpikia kichuri, akakisogeza pembeni kama mtu anayesogeza kiti kisichokuwa chake.

Nilimuuliza, kwa jina tunaloitana wanaume wa rika moja, "Mura, unaumwa nini?"

Alifikiri, kisha akasema, "Najiona kama nyumba ambayo mwenyewe amehama. Milango ipo, mabati yapo. Ukibisha, hakuna mtu."

Mama Bhoke ndiye aliyeamua tumpeleke Mugumu. Kliniki tulimkuta daktari mmoja, dada kijana aliyetoka mikoa ya kusini, aliyekuwa anawaita wazee wote baba. Alimuuliza maswali mengi kwa sauti ya chini: analalaje, anakulaje, kuna dawa gani nyingine anatumia, kama amewahi kutamani asiamke. Swali hilo la mwisho lilinishtua. Niliona ni kumfundisha mtu jambo baya. Bwana Mifugo alijibu bila kuinua kichwa, "Nimewahi." Mama Bhoke alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

Daktari alisema huo ni ugonjwa, unaitwa sonona, na una dawa. Alitueleza sote watatu pamoja, na mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne nilikuwa natikisa kichwa kama mtu anayeelewa sana. Alisema vidonge hivi havifanyi kazi kwa haraka kama panadoli. Zitapita wiki kadhaa kabla ya nafuu, na mwanzoni anaweza kusikia kichefuchefu au usingizi mzito, kwa hiyo pikipiki aiache kwanza. Akisahau kumeza leo, kesho asimeze mara mbili kufidia. Pombe hapana. Miti shamba, kama atapewa na mtu yeyote, aje aseme kwanza. Vidonge atunze mama, mahali pa kufunga, na dawa zote za ng'ombe zitoke ndani ya nyumba ile. Wiki za mwanzo asiachwe peke yake, na akianza kuzungumza habari za kufa, tusisubiri tarehe ya kliniki, tuje siku hiyo hiyo.

"Na nikipata nafuu?" Bwana Mifugo aliuliza.

"Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, baba. Ukipata nafuu unaendelea, miezi mingi tu. Siku ya kuacha ikifika, tutapunguza pamoja, kidogo kidogo. Usiache mwenyewe, na usiache ghafla."

Kwa mara ya kwanza tangu augue, mdomo wake ulisogea kama wa mtu anayetaka kucheka. "Kula siyo kupona," alisema.

Daktari hakuelewa. Mimi ndiye niliyemweleza habari ya ng'ombe na ndigana, nikijisikia vizuri kwa kueleza. Akasema, "Basi baba anajua kuliko mimi." Nalikumbuka hilo kwa sababu ya yaliyokuja baadaye. Kujua alijua. Na mimi nilijua.

Dawa za ng'ombe nilizibeba mwenyewe kwenye sanduku mpaka ofisi ya mifugo ya kata. Ufunguo wa pikipiki Mama Bhoke aliufunga kwenye pindo la kanga. Vidonge alivifungia kwenye sanduku lake la nguo, na kila jioni baada ya chakula alitoa kimoja, akasimama mpaka kimezwe. Wiki za kwanza hatukuona kitu, na jirani mmoja aliniambia hizo ni hela za kutupa. Kisha siku moja nilipita nikamkuta anafunga kamba za buti. Nilikaa nikamwangalia mpaka alipomaliza.

Alipopata nguvu ya kutembea akaanza kuficha. Tulikwenda wote Nyambureti kwenye mazungumzo ya mahari ya mtoto wa rika letu, tukalala huko, na Mama Bhoke alimpa vidonge vya safari. Jioni baada ya kula nilimwona anatoa kwenye koti chupa ya dawa ya minyoo ya ng'ombe, ile yenye picha ya ng'ombe mwekundu. Akatingisha, kikatoka kidonge cha kliniki alichokihamishia humo, akameza.

Mzee mmoja akamuuliza, "Bwana Mifugo, una minyoo?"

"Ninayo."

"Ya ng'ombe?"

"Nimekaa nao miaka mingi. Tumeambukizana."

Watu walicheka sana, naye akacheka nao. Nilielewa kwa nini amefanya hivyo. Kwetu mwanaume akiwa na minyoo ni kichekesho cha jioni moja. Akiwa na ugonjwa wa mawazo ni kikao cha ukoo, na hapatakosekana wa kusema asipewe tena neno la mwisho kwenye mahari ya mtu. Lakini njiani tukirudi nilimshika mkono wa koti nikasema, "Hii ni nini?" Nikaichomoa ile chupa mfukoni mwake. "Imeandikwa wapi?"

Alitembea mbele yangu mpaka mtoni. Nilifurahi kumshinda, na sikufikiria kwamba mtu anayeficha dawa yake yuko karibu na kuiacha.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Alipokuwa amerudi kabisa machoni petu, anakula, anatania, amerudishiwa ufunguo wa pikipiki, niliamua kumfanyia furaha. Nilimwambia mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa hai, apike amarwa, pombe yetu ya nafaka, tuwaite watu wa rika. Asiyeijua pombe hii aelewe kwamba hainywewi kwa glasi. Chungu kinawekwa katikati, kinaongezwa maji ya moto, na kila mzee anatumbukiza mrija wake mrefu kutoka pale alipokaa. Mtu akikaa kwenye chungu na mrija wake haunyonyi, anamwambia mwenye mji kwamba hamwamini. Watu wataacha kuzungumza, na mtaulizana mna nini.

Mama Bhoke alikuja asubuhi ya siku hiyo kabla ya wageni. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa.

"Shemeji, nimesikia mnamwita. Nampikia uji, atakuja nao. Mwache anywe uji."

"Mama Bhoke, rika haliwezi kumzunguka mwenzao akiwa na mrija mkavu."

"Daktari alikataza. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Ni leo tu."

Aliniangalia, akaondoka. Sikumsikiliza kwa sababu nilikuwa mwenye furaha, na mtu mwenye furaha husikia vibaya kuliko kiziwi.

Walipokaa, Bwana Mifugo aliushika mrija bila kuutumbukiza. Wenzetu walianza kumtania. Mmoja alisema labda minyoo imemkataza. Mwingine akasema mke wake ndiye bwana mifugo siku hizi, yeye ni ng'ombe. Alicheka, lakini nikaona jasho kwenye paji la uso wake. Nikamwinamia sikioni nikasema, "Kama dawa na pombe haviendi pamoja, basi leo acha dawa. Kesho utaendelea."

Aligeuka akaniangalia kwa muda. "Mura, wewe umesoma."

"Ndiyo maana nakwambia. Siku moja haiui mtu."

Akautumbukiza mrija.

Kesho yake chungu kilikuwa bado, maana huwezi kumwaga pombe ya watu, na waliobaki walirudi kukimaliza. Yeye alikuwa mmoja wao. Siku iliyofuata alikuwa na kichwa kizito, akaona aahirishe. Baada ya hapo, alivyokuja kuniambia mwenyewe, aliamka akajikagua kama anavyokagua mnyama, akaona anakula, analala, anacheka, akajiuliza dawa ya nini tena. Jioni Mama Bhoke alipompa kidonge alikiweka chini ya ulimi, akatoka nje. Mtu aliyewafuata wafugaji kilima kwa kilima kumalizia tiba za ng'ombe wao alikuwa anatema dawa yake nyuma ya choo.

Zilipita siku, akaanza kulalamika kizunguzungu. Alisema kuna kitu kinapiga ndani ya kichwa, kama mtu anayegusisha nyaya za betri. Alitoka jasho, aliota ndoto za ajabu, alimfokea Mama Bhoke kwa chumvi ya mboga. Mimi nilisema ni malaria. Kisha kile kizito kikarudi, na safari hii kilikuja na hasira ya mgeni aliyefukuzwa.

Asubuhi moja Mama Bhoke alikuja kwangu anatembea haraka, kanga imemdondoka begani na hajaiinua.

"Shemeji, Bwana Mifugo hayupo. Na buti ameziacha."

Nilikwenda kwenye josho la zamani lililo chini karibu na kijito, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Lile josho lilikuwa kavu kwa miaka mingi, nyasi zimeota kwenye nyufa. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya kutokea, ile ambayo ng'ombe wakishaogeshwa wanapanda wakijikung'uta. Miguu mitupu, ina umande na majani.

Nilikaa ngazi ya chini yake.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasikiliza wanavyoruka."

"Kina nani?"

"Ng'ombe. Nimesahau sauti zao."

Nilikumbuka daktari alivyouliza bila kuzunguka, nami nikauliza hivyo, ingawa ulimi ulikuwa mzito. "Unafikiria kujiua?"

"Nimefikiria." Alivuta jani kwenye ufa, akalichana katikati. "Ulivyouliza ni afadhali. Wengine wananiuliza kama nimekula."

"Twende Mugumu."

"Siwezi kusimama, mura. Siyo kwamba sitaki."

"Basi tukae."

Tulikaa. Sikuwa na neno la hekima, na namshukuru Mungu sikulitafuta. Jua lilifika kwenye ukuta wa josho, kisha likafika kwenye magoti yetu. Mama Bhoke alikuja na buti, akapiga magoti kwenye saruji, akamvisha moja, akamvisha ya pili, akafunga kamba. Ndipo akasimama.

Daktari alitupokea bila kugomba, na hilo liliniumiza zaidi. Alimpima, akamsikiliza, akapanga alazwe siku chache na dawa ianzwe upya kutoka kiwango kidogo. Kisha aliuliza, akiwa na kalamu mkononi, "Nani alimwambia aache?"

Kulikuwa na benchi moja, tumekaa watatu. Mama Bhoke aliangalia sakafu. Mimi niliangalia ukutani, ambako palikuwa na picha ya mtoto ananawa mikono, nikaisoma mpaka chini. Nilisikia Bwana Mifugo anavuta pumzi kando yangu.

"Mimi mwenyewe," alisema. "Ni kichwa changu tu."

Daktari akaandika.

Hakulitaja tena. Si siku aliyotoka, wala miaka iliyofuata. Mtu aliyewaaibisha wenye miji mbele ya watoto wao kwa ajili ya chupa ya soda hakuniaibisha mbele ya daktari mmoja. Nimefikiria mara nyingi kama ilikuwa huruma au adhabu. Angenitukana ningepumzika.

Alipona taratibu, yaani alijifunza kuishi akiwa anatibiwa. Chupa ya ng'ombe mwekundu aliitupa. Kwenye mikutano ya rika alikuja na mrija wake na kibuyu cha uji wa mtama, akakiweka kando ya chungu, akatumbukiza mrija humo. Mara ya kwanza watu walinyamaza. Alisema, "Chungu cha mwenye mji nakiamini. Tumbo langu ndilo lenye sheria." Walimcheka, kisha wakazoea. Wapo waliomwita Bibi Uji mpaka alipohama. Aliitika.

Mke wangu alipofariki, nilidhani nalijua lile nililokuwa nimeliona kwa mwenzangu. Sikulijua. Nililala chali nikihesabu mabati. Chakula kilikuwa kama kutafuna karatasi. Watoto wangu walirudi makazini kwao, nami nikabaki nasikia friji ikiunguruma. Nilipochoka nilikwenda kwa Bwana Mifugo nikamkuta anapalilia migomba.

"Nipe vidonge vyako kidogo. Viwili vitatu tu, nipate usingizi."

Aliegemea jembe. "Hapana."

"Vya kwako vinatosha, nimeona mama amekuletea vipya."

"Vinatosha. Lakini vimepimwa kwa mwili wangu. Wewe una presha, unameza vya presha. Unajua vitakutana vipi huko ndani?"

"Wewe unajua?"

"Sijui. Ndiyo maana hapana. Dawa haina undugu."

"Mura, tumemwaga damu siku moja, kwenye nyasi zile zile."

"Damu ndiyo," alisema. "Dawa hapana. Twende Mugumu kesho, nakupeleka."

Niligeuka nikaondoka. Nikawaambia watu wa rika kwamba Bwana Mifugo ni mchoyo, ananinyima kidonge na mimi ndiye niliyemtoa kwenye josho. Nilisema hivyo kweli. Sikusema ni nani aliyemfikisha josho. Kiangazi chote hatukusalimiana, na nikimwona mnadani nilipita upande wa mbuzi.

Mara ya mwisho nilipokutana naye alikuja mwenyewe. Binti yake anayefanya biashara Sirari alikuwa amewaambia wahamie kwake, mizigo imeshafungwa, kilichobaki ni gari. Nilisikia pikipiki inapanda kilima nikajua ni yeye, ingawa siku hizi hakuna mtoto anayepiga kelele za chupa. Alisimama uani bila kuizima. Mbwa wangu alibweka, akabaki juu.

"Panda," alisema.

"Wapi?"

"Umekonda mpaka mkanda umezunguka mara mbili. Panda."

Nilipanda. Nilikuwa nimechoka kukataa.

Kliniki ni ile ile, rangi imebadilika. Benchi ni jipya. Daktari safari hii alikuwa kijana wa kiume, akasimama kutuamkia shikamoo, kisha akatuangalia mmoja baada ya mwingine.

"Wazee wangu, mgonjwa ni nani?"

Nilifungua mdomo kusema nimemsindikiza mwenzangu. Neno lilikuwa tayari kabisa. Bwana Mifugo aliingiza mkono kwenye koti akatoa pakiti yake ya vidonge, ile ile ya duka la dawa, yenye jina lake, akaiweka juu ya meza mbele ya watu waliokuwa mlangoni.

"Mimi ni wa hapa siku zote," alisema. "Huyu ndiye mgeni."

Kijana alinigeukia. Aliniuliza usingizi, chakula, presha, dawa ninazomeza. Nilijibu. Akaniuliza lile swali la kutamani nisiamke, nikajibu kweli. Kisha akasema, "Umewahi kutumia dawa za namna hii ukaziacha?"

"Sijawahi kuacha," nilisema. "Ila nimewahi kumwachisha mtu."

Aliinua kichwa. Nikamwambia yote: chungu, mrija, nilivyomwinamia sikioni, kidonge chini ya ulimi, josho. Nikamwambia kwamba kwenye chumba hiki hiki daktari aliuliza ni nani, na mimi nikasoma picha ukutani. Kijana alikuwa ananiangalia kwa upole wa mtu asiyejua la kufanya na alichopewa.

Bwana Mifugo akanong'ona, "Mura, huyu siye. Yule dada alihamishwa zamani."

"Najua siye."

Kijana akashika kalamu. "Sasa mzee, wewe mwenyewe ukianza kula na kulala vizuri, utafanya nini?"

Niligeuka kwa Bwana Mifugo anisaidie. Alikuwa anaangalia dirishani kama mwalimu kwenye chumba cha mtihani.

"Nitaendelea kumeza," nilisema. "Nitakuja hapa kwanza. Sitaacha mwenyewe."

Nje, alininyang'anya pakiti yangu kabla sijaiweka mfukoni. Aliinyoosha mbali na macho, akasoma jina langu, akasoma ni kidonge kimoja na ni jioni, akageuza nyuma, akageuza mbele.

"Imeandikwa," akasema, akanirudishia.

Tulitembea mpaka kwenye pikipiki. Alipokuwa anaingiza ufunguo alisema bila kuniangalia, "Na lile ulilosema mle ndani."

"Eeh."

"Umechelewa."

"Najua."

"Shika vizuri. Barabara imeharibika."

Alinishusha uani kwangu. Mbwa alibweka tena, naye hakushuka. Nilitaka kusema kitu cha kuagana, maana Sirari ni mbali kwa wazee kama sisi, lakini alitangulia.

"Ukianza kula, usinipigie simu kunifurahisha."

"Nikupigie lini?"

Aliwasha pikipiki, akaikanyagia gia. "Ukiwa umeshakula, na bado unameza."

Nilimpigia jana.